Pini Tano za Mzee Herufi

Kazi yangu ni kutoamini watu, na siioni aibu. Mimi ni mtunza ghala wa kampuni inayouza mabomba, masinki na vigae vya bafuni. Kwa miaka kumi na tisa nimefungua maboksi yaliyoandikwa ishirini na nne nikakuta vitu ishirini na tatu. Dereva akiniambia, "Dada, hesabu iko sawa," hapo ndipo ninapovaa miwani. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomsikia baba yangu kibarazani akinong'ona kwenye simu, sikujifanya kiziwi. Nilifunga bomba la jikoni, nikatega sikio.

"Huyo mama ni mzuri, sikatai," alikuwa akisema. "Lakini haoani na huyu niliyekwisha mchagua. Nitafutie mwingine, mwenye saizi ya kati. Akiwa mkubwa hataingia."

Akasikiliza kidogo, kisha akacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu mama yangu alipofariki, miaka sita nyuma.

"Hapana, binti yangu asijue kwanza. Yule akijua, tutahojiwa sote wawili."

Nusura sahani iniponyoke. Baba yangu ana miaka sabini na moja. Tunaishi wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha tatu, chenye cherehani ya mama, kiko vile vile alivyokiacha. Nikamwona mwanamke wa saizi ya kati amekaa humo. Nikamwona akiisukuma cherehani pembeni ili aweke kabati lake. Nilikasirika, tena sana.

Kesho yake alipokwenda kwa kinyozi, nilipekua koti lake. Najua si adabu. Mfukoni mlikuwa na daftari dogo, limeandikwa kwa zile herufi zake kubwa zilizosimama wima: MAMA: SAIZI YA KATI. AWE NA NAFASI NNE. AOANE NA P KWANZA, MENGINE BAADAYE. MAMA ALIYETUMIKA: HAPANA, HUJUI KATOKA WAPI.

Mstari huo wa mwisho niliusoma mara tatu. Mzee wa miaka sabini na moja, na bado anachagua!

Nilingoja hadi mchana, tulipokaa mezani.

"Baba, P ni nani?"

Kijiko chake kikasimama njiani. "P gani?"

"Huyo ambaye mama wa saizi ya kati lazima aoane naye kwanza. Ni mshenga, au ni nani?"

Alinitazama, akatazama koti lake lililoning'inia mlangoni, akaelewa. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapaliwa, nikalazimika kumletea maji, na hata hayo maji nilimletea kwa hasira.

"P ni prosesa, yaani ubongo," akasema akijifuta machozi. "Mama ni mamabodi, ubao wa kushika vifaa vyote. Najenga kompyuta, mwanangu. Ya kuchezea gemu."

Mtu mwingine angeshusha pumzi. Mimi machale yalinicheza upya, tena vibaya kuliko mwanzo. Baba kuoa ningeweza kuelewa. Baba na kompyuta, hapana. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa mashine za kuchapa, zile za taipu, ofisi zote za mji zikimwita Mzee Herufi kwa sababu alikuwa na uwezo wa kunyoosha mkono wa herufi uliopinda hadi usijue ulipindia wapi. Kompyuta zilipoingia maofisini, kazi ikamwishia mikononi. Hakuwahi kuiita kompyuta kwa jina lake. Aliiita yule mwizi.

Na kuhusu mikono hiyo, lazima niseme. Miaka minne nyuma wakili mmoja mzee, mteja wake wa mwisho, alimletea mashine yake. Mkono wa baba ukatetemeka, herufi R ikakatika. Baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye hajui kuweka akiba ya maneno, akasema mbele ya ukoo mzima, "Kaka, mikono imekwisha. Kubali." Tangu siku hiyo baba hakushika bisibisi. Wageni wakija, hamimini chai, ananiachia mimi.

"Nani amekuingiza kwenye mambo haya?" nikamuuliza.

"Kinyozi. Ana gemu ya kuendesha lori milimani, kwenye theluji. Nimeicheza miezi miwili. Sasa amenichoka, anasema wateja wanaogopa kukaa, wakidhani mzee ndiye wa kwanza kwenye foleni."

"Basi nunua kompyuta iliyokwisha tengenezwa."

Akaacha kucheka. "Nikinunua iliyotengenezwa, mimi ni mteja. Mimi si mteja, mwanangu. Mimi ni fundi."

Akanionyesha kazi yake, na hapo nilikiri kimoyomoyo kwamba hakuwa akibahatisha. Alikuwa amechukua boksi la viatu vya buti akalikata hadi likawa na vipimo vya ndani vya kasha alilolitaka. Kisha akakata vipande vya karatasi ngumu, kimoja kimoja kwa kipimo: kadi ya picha, sentimita thelathini na moja, feni ya kupooza prosesa, kimo kumi na tano na nusu, pawa, yaani kile kiboksi cha kugawa umeme. Alivipanga ndani ya boksi, akavipangua, akavipanga tena. Kadi ya kwanza aliyoipenda ilizidi kwa kidole kimoja, akaiacha. Memori nayo ilimsumbua siku mbili, maana za kizazi kipya na za kizazi cha nyuma zinafanana kwa sura, ila lile pengo la ukingoni halikai mahali pamoja, na mama akiwa wa kizazi kimoja hapokei watoto wa kingine.

"Kila kitu lazima kioane na mwenzake," alisema. "Ukikosea kimoja, umejenga kabati."

Nilimsikiliza, nikatikisa kichwa, na moyoni nikasema: huko dukani anakoagiza vifaa kuna mtu anamla mzee wangu mchana kweupe.

Jumamosi nikaenda. Duka lilikuwa jembamba kama ukumbi, limebanwa kati ya duka la miwani na pale wanapotoa kopi. Nyuma ya kaunta alikaa mwanamke wa makamo, miwani kichwani, nyingine puani, akifunga nyaya kwa vitambaa vya rangi. Nikajifanya nataka flashi.

"Karibu, dada wa ghala," akasema bila kuinua uso. "Mzee aliniambia utakuja. Alisema utajifanya unanunua kitu kidogo."

Watu wanamwita Dada Nyaya. Nilimhoji robo tatu ya saa. Kwa nini pawa kubwa namna ile? Kwa sababu kadi ya picha ikishtuka inakula umeme mwingi ghafla. Kwa nini mama huyu na si yule wa kwenye dirisha? Kwa sababu yule wa dirishani ana soketi ya prosesa za aina nyingine. Kila swali alilijibu, na kila jibu lilinizidishia shaka, kwa kuwa katika kazi yangu mtu asiyebabaika ndiye mzoefu wa kuiba. Wakati wote huo nilikuwa nikizitazama funguo zake. Zilining'inia kwenye kijipande cha mraba, chini yake kimejaa miguu midogo ya rangi ya dhahabu, mamia.

"Hiyo ni nini?"

"Prosesa ya zamani. Ilikufa, nikaifanya pambo." Akaweka nyaya chini. "Dada, nikwambie kitu. Mimi nilimwambia mzee nimfungie mwenyewe hapa hapa, bure, maana mkono wake nimeuona. Akakataa. Akasema anataka kujua kama mikono bado ni ya kwake, na kwamba hii ikimshinda, hataniuliza tena wala hatagusa kitu."

Nilimwona mwongo mwenye maneno matamu. Nikaondoka na flashi ambayo sikuihitaji.

Mzigo ulifika Jumatano, baba akiwa kliniki ya macho. Maboksi saba. Siku nzima kazini ninafungua maboksi. Ningewezaje kuyapita hayo ya nyumbani? Nikavaa miwani, nikachukua daftari lake, nikaanza kukagua. Kasha, sawa. Pawa, sawa. Memori mbili, pengo mahali pake. Nikafungua kiboksi cha prosesa, nikaigeuza.

Haikuwa na miguu.

Chini ilikuwa bapa kabisa, nukta nukta tu za dhahabu, kama vile mtu kapitisha wembe. Haraka nikamfungua mama. Katikati yake palikuwa na soketi yenye mfuniko wa plastiki na kijimkono cha chuma. Nikakiinua kile kijimkono, nikabandua mfuniko. Pale nilipotarajia matundu nikakuta vimiguu vyembamba kuliko unywele, vimesimama safu kwa safu. Akili yangu ya ghala ikafanya hesabu yake mara moja: mtu kaing'oa prosesa kwa nguvu, miguu ikabaki humo, wakasafisha, wakaziba, wakamuuzia mzee wangu. Mama aliyetumika!

Ili kuhakikisha kwamba ni mabaki, nikaweka kidole, nikasukuma kidogo.

Hayakuwa mabaki. Yalikuwa yameshikamana na mama, na pale nilipogusa, pembe ya chini kushoto, pini tano zililala kama majani yaliyokanyagwa.

Nikampigia Dada Nyaya, sauti yangu tayari iko juu. "Prosesa yako haina miguu!"

"Ndivyo ilivyo, dada," akasema kwa upole. "Za siku hizi hazina miguu, miguu anayo mama. Zinaoana hivyo. Ni laini mno, mzee anajua. Hukuzigusa lakini?"

"Sijazigusa," nikasema.

Nikarudisha mfuniko, nikarudisha kijimkono, nikafunga kila boksi kwa mkunjo wake ule ule. Najua kufunga boksi lisionekane limefunguliwa. Nimewakamata watu kumi na moja kwa kosa hilo. Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi nilijipa moyo. Pini zote zile, mamia kwa mamia, tano zina nini?

Jumapili baada ya chakula baba alitandika shuka jeupe mezani. Akafungua mfuko wake wa ngozi wa zana, ambao ulikuwa umetundikwa msumarini miaka minne, akapanga koleo, sindano na bisibisi kwa urefu wao. Mkono ulimtetemeka. Akaukalisha juu ya meza, akaungoja, kama anavyongojwa mtoto aache kulia. Kisha akaanza.

"Nishikie tochi," akaniambia.

Nikashika. Akainua kijimkono cha soketi, akabandua mfuniko. Niliziona zile pini tano waziwazi kwa mwanga wa tochi niliyoishika mwenyewe. Yeye hakuziona, macho yake yalikuwa kwenye prosesa aliyoishika kwa ncha za vidole, akiiteremsha huku amebana pumzi. Mdomo wangu ulifunguka. Nikafikiri: nikisema sasa, atashtuka aidondoshe. Huo ndio uongo niliojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiona haya. Prosesa ikakaa, akabana kijimkono, akanitazama na uso wa kijana wa miaka ishirini.

"Umeona? Haikutetemeka hata kidogo."

Saa tatu nzima tulikaa pale. Feni, memori, kadi, nyaya. Kila kitu kiliingia palepale karatasi zake zilipomwambia kitaingia. Jioni, jua bado lipo dirishani, akabonyeza swichi. Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Kwenye ubao wa mama kikawaka kitaa kimoja chekundu.

Akazima. Akachomoa memori, akarudisha. Akawasha. Chekundu. Akabadilisha waya wa kioo. Chekundu. Mara ya sita hakubonyeza tena. Akaiweka mikono yake juu ya shuka, akaitazama, na yenyewe sasa ilikuwa ikitetemeka bila kificho.

"Labda ni mali mbovu," nikasema. "Yule mwanamke wa dukani nilimtilia shaka tangu siku ya kwanza."

Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nataka kujizaba kofi.

"Hapana," akasema. "Mali ni nzima. Ni mimi. Nimeikandamiza mahali."

Jumatatu niliporudi kutoka kazini nilikuta meza tupu. Kompyuta ilikuwa imefunikwa shuka kwenye kona. Karibu na mlango, juu ya kiti, uliwekwa mfuko wa zana, umefungwa kwa kamba, na kikaratasi juu yake cha herufi kubwa: KWA DADA NYAYA. MPE MTU MWENYE MIKONO.

Baba alikuwa chumbani amekaa kitandani, amevaa viatu, hana pa kwenda. Baba mdogo alikuwa amempigia mchana, akaambiwa, akasema, "Si nilikwambia, kaka?"

Nikasimama mlangoni. Nimewahi kuwasimamisha madereva wenye miili mara mbili ya wangu, sijawahi kuogopa namna ile.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeharibu. Jumatano ulipokuwa kliniki nilifungua maboksi. Nilimfungua mama, nikazigusa pini kwa kidole. Zikalala. Nikakuficha."

Nilingoja ukali. Akatabasamu kidogo, tabasamu la huruma, nikaumia kuliko ningepigwa.

"Asante, mwanangu. Una moyo wa mama yako. Lakini usinidanganye ili nijisikie vizuri."

Hakuniamini! Mimi, ninayemtilia shaka kila mtu, nasema kweli mara moja katika wiki nzima, naonekana ninasema uongo wa mapenzi. Machozi yakanitoka kwa hasira.

"Sikudanganyi! Ni pini tano. Pembe ya chini, kushoto, ukiishika ile sehemu ya nyaya ikiwa juu. Tatu mstari wa mwisho, mbili mstari unaofuata. Zote zimelalia upande wa nje. Nilizihesabu kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu. Njoo utazame, kama sizo basi mfuko huo nitaupeleka mwenyewe kwa Dada Nyaya."

Akasimama polepole. Akaifunua kompyuta, akailaza, akafungua feni, akainua prosesa. Akachukua lenzi yake ya jicho moja, ile ya kutazamia herufi, akainama. Mimi nilishika tochi tena. Nilimsikia akihesabu kwa pumzi: moja, mbili, tatu. Akahamia mstari wa juu. Nne. Tano.

Hakuinuka. Alibaki ameinama hivyo hivyo, jicho kwenye lenzi.

"Sema tena."

"Ni mimi, baba."

"Na mimi sikuikandamiza?"

"Hapana. Uliiweka sawasawa. Niliona kwa macho yangu, nilikuwa nimeshika tochi."

"Sema tena."

Nikasema tena. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa, na alikuwa akicheka meno yote nje, na mimi nilikuwa nikingoja anifukuze nyumbani. Hakunigombeza hata neno. Alitafuta simu yake mifukoni, akaikuta, akapiga, akaiweka sauti ya kusikika chumba kizima.

"Wewe!" akamwambia baba mdogo, bila hata salamu. "Siyo mikono yangu! Ni huyu mwanangu! Ameharibu pini tano kwa kidole chake, mtunza ghala mzima! Mikono yangu haina kosa!"

"Anakupoza tu, kaka," sauti ya baba mdogo ikasema. "Unawajua watoto."

Baba akanisogezea simu mdomoni. Mkono ulioishika ulikuwa ukitetemeka, wala hakujaribu kuuficha.

"Mwambie," akasema. "Kwa sauti."

Nikamwambia. Nikamweleza siku na saa, boksi lipi, kidole kipi, pembe ipi, na kwamba nilidanganya mara mbili baada ya hapo. Baba alikuwa amekwisha vaa lenzi yake tena, anachagua sindano kati ya zana zake.

"Halafu mpigie Dada Nyaya," akasema, ameinamia mama. "Naye mweleze vile vile, usiache kitu. Na ukimaliza, mpigie kinyozi."